Wa Mgongoni Hakuandikwa

Nilipewa simu ya kazi, koti la mvua na cheo kirefu: mkusanyaji wa takwimu. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga hodi na kuuliza maswali arobaini na moja, nyumba kwa nyumba, katika kijiji changu mwenyewe huko juu ya Othaya. Swali la tisa ndilo lililotumaliza. Watoto wangapi wa chini ya miaka mitano wanaishi hapa?

Anayejua kwetu ameshaanza kucheka. Kwetu watoto hawahesabiwi kwa mdomo, wala mbuzi, hasa mbele ya mgeni anayeandika. Ukimbana mtu atakutajia wachache kuliko alio nao, na anayefichwa huwa ni yule mdogo kabisa. Kumtia kwenye hesabu ni kumwonyesha. Kumwonyesha nani, hakuna anayejua, na hakuna anayetaka kujua. Mimi nilisoma hadi diploma, kwa hiyo niliuona huo ni ujinga wa wazee, na nilisema hivyo kwa sauti kila nilipopata wa kunisikiliza.

Jirani yetu, Cucu Murugi, bibi kizee, alinijibu akiwa amembeba mjukuu mgongoni, mguu mmoja wa mtoto umetokeza nje ya shuka.

"Mimi niko na mmoja," alisema.

"Na huyu wa mgongoni, cucu?"

"Huyo gani?" Alinikazia macho. "Wewe Wambugu, ati siku hizi kazi yako ni kuhesabu watoto ya watu?"

Niliandika mmoja. Masharti yalikuwa wazi: andika anachosema mhojiwa, usiandike unachokiona. Simu haikuwa na mahali pa maelezo, basi nikatoa daftari langu nikaandika, "Mtoto mgongoni, hakutajwa." Nyumba sitini na nne, na karibu zote ziliishia kwenye daftari hilo. Yangu ilihojiwa na mwenzangu, maana hairuhusiwi kujihoji mwenyewe. Mama yangu alimwambia kuna wawili. Tuna watatu. Nyawira, kitinda mimba, alikuwa na miezi minane na uzito wa mtoto wa miezi minne, na kila Jumanne mke wangu alimpeleka dispensari ya kijiji akapimwe na kupewa unga wa lishe. Niliposikia jibu la mama nilicheka hadi nikashika mbavu.

Ripoti ilipotoka sikucheka. Ilisema kijiji chetu hakina watoto wadogo wa kutosha. Ilishauri dispensari ifungwe, na muuguzi ahamie kituo cha kule bondeni, mwendo wa saa mbili kwa miguu ukiwa umebeba mtoto. Wakubwa wa kaunti wangekaa Ijumaa kuipitisha.

Nilichukua daftari nikashuka Nyeri kumwona Daktari Nadhira. Yeye ni mtaalamu wa takwimu, mzaliwa wa pale pale mjini, na ripoti ilikuwa na sahihi yake. Nilienda nimejaa hasira, nimejipanga kugombana. Akaniharibia mipango yote kwa kulisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka hata mstari.

"Nakuamini, Bwana Wambugu," alisema.

"Basi badilisha."

"Siwezi. Kwangu hii si takwimu. Ni mambo uliyoyaona wewe, na sheria zetu zinasema tuandike walichosema wao." Akaelekeza kidole ukutani. "Lipeleke kwa Mwai, mlango wa pili. Yeye anasomea mila na maisha ya watu. Atakuambia daftari hili ndilo utafiti wenyewe, na namba zangu ni takataka."

"Si basi tumpe Mwai?"

"Mwai hakutumwa na kaunti. Nimetumwa mimi."

Tukabaki tunatazamana kama wajinga wawili. Ukweli ulikuwa mezani, kati yetu, na hakuna aliyekuwa na pa kuuweka. Mwishowe akasema kuna njia moja nyembamba. Mhojiwa abadilishe jibu kwa mdomo wake mwenyewe, na lirekodiwe. Hata nyumba moja ingetosha. Angeionyesha kikaoni kama ushahidi kwamba swali lina kasoro, kisha aombe hesabu irudiwe na uamuzi usimamishwe.

Nyumba moja! Nilipanda kurudi nyumbani nikipiga mluzi.

Cucu Murugi hakunipa hata kiti.

"Sasa ndio nimtaje? Na vile watoto wako na kikohozi huku?"

"Cucu, wanafunga dispensari. Utampeleka wapi huyo?"

"Wafunge. Wakitaka watajenga ingine." Alimvuta mtoto juu mgongoni, akakaza fundo la shuka. "Mimi huyu nimempata mmoja tu."

Nilizunguka siku tatu. Mama vijana wenye simu kubwa kuliko yangu waliwatazama mama wakwe zao, kisha wakanijibu vile vile. Nilipofika kwangu, kwa mama yangu mzazi, nikashindwa kujizuia. Nilimwambia yeye na wenzake wanawaua watoto kwa ushamba wao. Aliendelea kumenya viazi, na mimi nikaona aibu, lakini sikuomba msamaha.

Alhamisi mchana kikohozi cha Nyawira kiligeuka. Alianza kuhema mbavu zikiingia ndani, akakataa ziwa. Kufikia jioni tulikuwa naye wodini Othaya, mpira wa oksijeni puani, mapafu yamejaa. Daktari wa zamu alituambia tungoje. Tukangoja. Sijawahi kujiona bure kama nilivyojiona pale, mtu mzima mwenye mikono miwili isiyo na kazi yoyote.

Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi simu ililia. Nilisimama mlangoni pa wodi nikaipokea.

"Kikao kinaanza saa nne," Nadhira alisema. "Umepata nani?"

"Hakuna hata mmoja."

"Basi wewe. Nyumba yako imo kwenye orodha, na mama yako alisema wawili; mtu mzima yeyote wa nyumba anaweza kulisahihisha jibu. Nikuulize swali la tisa, unijibu, nami naingia nalo. Narekodi sasa. Nyumbani kwako wanaishi watoto wangapi wa chini ya miaka mitano?"

Jibu nilikuwa nalo. Watatu, neno dogo tu, na dispensari ingebaki wazi angalau mwaka mwingine, na Nyawira, akipona, angekuwa na pa kupimwa. Nilitazama ndani. Kifua chake kilipanda, kikakaa, kikashuka. Mke wangu alikuwa amesikia kila kitu.

"Baba Kahiga," aliniita polepole, akitumia jina la kifungua mimba wetu.

Niliogopa. Sina neno jingine la kusema hapa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na sikujua ninamwogopa nani.

"Bwana Wambugu? Bado narekodi."

"Wawili," nikasema.

Nilisikia viti vikisogezwa upande wake, watu wakiingia kikaoni.

"Rudia tafadhali. Una uhakika?"

"Wawili, daktari."

Kisha, kwa sauti ya chini, akanishukuru kwa kushiriki katika utafiti, kama tulivyofundishwa sote kumaliza mahojiano.