Kichupa cha Watoto Kumi

...na huyu sista Ciku bado amesimama na sindano ananingoja, "Koko," yaani bibi, "mshike paja tumalize," na mimi nimemfumbata mjukuu wangu Nailantei kwa leso kama mtu aliyeiba mbuzi, kwa sababu asubuhi mama yake, Yvonne, akitoka kwenda kazini aliniambia, mama, ikiwa ni ile chanjo ya kichupa cha watoto wengi ukatae, iko na zebaki, wazungu walishaitoa kwao, nikamwahidi, na mimi nikimwahidi mwanangu sigeuki... "Sikufichi, iko ndani," Ciku anasema, "lakini ni kidogo sana, mwili unaitoa, ni ya kuzuia dawa isioze, si tunakidunga mara kumi, watoto kumi"... isioze, anasema, na hapo hapo namwona marehemu mume wangu Parmuat, siku ile daktari wa ng'ombe alituachia nusu chupa ya chanjo, naye Parmuat kwa ujanja wake anaitia kwenye kibuyu cha maziwa ikae baridi, kesho yake anadunga ndama wote na sindano ile ile, anajisifu, "sasa daktari ni nani hapa?", siku ya tatu shingo zimevimba, usaha, ndama sita tukawaburutia fisi... ilioza na hakuna aliyeiona ikioza... lakini mbona, namuuliza sista, watoto wa wazungu kila mmoja na kichupa chake na wetu wagawane, "ni friji, Koko, nafasi haiko, hata mimi ningependa," na hilo halinitoki rohoni, halitoki, nikiwaza hivyo namsikia Simel, kifunguamimba wangu, kifaduro kimemshika, anakohoa mpaka midomo inakuwa kama zambarau, mama mkwe ananiambia mpe mafuta ya kondoo, atatulia, na akatulia, ndiyo, alitulia kabisa, na siku hizo hakukuwa na kichupa hiki cha kuzuia kifaduro, cha mtu kukataa... Yvonne hajawahi kusikia kikohozi hicho, amesikia tu sauti ya mtu kwenye simu akisema zebaki, atakasirika, najua atanuna wiki nzima, basi anune akiwa na mtoto mkononi... "Koko?" sista bado amesimama, sindano iko pale pale, Nailantei ananyonya pindo la leso, na kidole changu, sijui kimeanza saa ngapi, kinatafuta fundo la leso, kilifungue.