Swali la Leetia

Machi mwaka 2004, siku ya mtihani, nilisema uongo wa neno moja. Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Nilikuwa mwalimu wa darasa letu sisi Wakongo wa Neasden, Landani, mafunzo ya kutunza wazee, katika chumba kilicho juu ya duka la Kanti, Mhindi wa Kisumu aliyetukodisha kwa huruma. Tulikuwa na kitanda kimoja cha hospitali, mabeseni mawili na wanafunzi tisa, wote wa Kivu, wote wakijuana. Ndiyo raha ya mafunzo ya jamii, hakuna mgeni. Ndiyo taabu yake pia.

Séraphin aliwashinda wote. Kwetu Uvira alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na mmoja. Landani alisafisha mabasi, na dawa zilikuwa zimemchubua mikono. Nyumba moja ya wazee huko Harrow ilikubali kumwajiri, mradi alete cheti kabla ya Ijumaa. Mtihani ulikuwa Jumatano.

Darasani humo humo alikuwamo mama mkwe wake, Mama Bijou. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye meza moja, hapokei kitu mkononi mwake. Tena jambo hilo yeye mwenyewe halitaji mbele ya mkwewe. Husemewa na mtu mwingine. Muhula mzima niliwatenganisha, Séraphin mlangoni, mama dirishani, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu.

Siku ile tulikuwa na wageni wawili. Wa kwanza ni msimamizi wa mtihani, Mwingereza mpole mwenye makaratasi mengi. Wa pili ni Leetia, Mwinuiti kutoka kaskazini kabisa ya Kanada, mama wa makamo aliyeendesha mafunzo ya kazi kwa watu wa kijiji chake huko kwenye barafu. Alikuja Landani kwa mkutano, akaomba kuona wenzake wanafundishaje. Alikaa nyuma, koti mapajani.

Nami nikajitia ujuaji. Msimamizi aliponiuliza kama mila zinatuletea shida kazini, nilicheka. Nilimwambia mambo hayo watu wangu waliyaacha nyumbani. Nilitaka atuone watu wa kisasa. Mjinga mimi!

Basi akawapanga wawili wawili kwa kufuata orodha yake. Mama Bijou alale kitandani awe mgonjwa; Séraphin amwoshe uso, mikono na miguu.

Mama Bijou, ambaye Kiingereza kilikuwa bado hakijamwingia, alipanda kitandani bila kujua. Alipomwona anayekuja na beseni, akajifunika kitenge mpaka kichwani. Séraphin akaweka beseni chini, akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha macho. Msimamizi akamwambia aendelee.

"Madame Agathe," Séraphin akaniambia, "miye siwezi. Unajua."

Aliniachia nimsemee, kama inavyotakiwa. Wanafunzi saba waliobaki wakanigeukia. Hata mmoja hakufungua kinywa, maana mwalimu nipo. Na mwalimu ningesema nini? Kwamba nusu saa iliyopita nilikuwa najisifu tu? Nikanyamaza. Msimamizi akasubiri, akatazama saa, akaandika: amekataa kumhudumia mgonjwa mwanamke.

Leetia akainuka, akanifuata pale kwenye birika la chai.

"Hawa wawili ni wakwe?" akaniuliza taratibu kwa Kiingereza. Akanieleza kwamba kwao pia wapo wakwe ambao wazee waliwakataza kusemezana, na yeye kabla ya kufundisha huuliza kwanza nani hamgusi nani, ndipo apange watu. "Kama ni wakwe, mwambie. Atabadilisha tu majina."

Msimamizi alikuwa karibu, amesikia, kalamu ameishusha. Alikuwa akinisubiri mimi. Nilimwona Séraphin kwa pembe ya jicho, ametoka hadi ngazini kumpisha mama, mbali asisikie, na nilijua anangoja nini.

"No," nikasema kwa sauti. Yaani si wakwe.

Leetia alinitazama, kisha akalitazama lile umbo lililojikunyata chini ya kitenge. Alirudi kukaa.

Ijumaa ikapita. Harrow wakamchukua mtu mwingine, na kwa maneno yale yaliyoandikwa hakuna nyumba nyingine iliyomtaka Séraphin. Mimi nikaanza kuuliza kama Leetia: kila darasa jipya, siku ya kwanza, nani hamgusi nani. Wakubwa wa mafunzo wakanisifu kwa ubunifu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilinichukua miaka miwili kwenda kwa Séraphin. Bijou, mkewe, alinimiminia chai. Mama Bijou alikuwa jikoni nyuma ya pazia, kama ilivyo kawaida yake mkwewe akiwapo. Séraphin alikuwa anajiandaa kwenda kwenye mabasi.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema. "Siku ile ya mtihani nilinyamaza."

Akacheka, Mungu wangu, akacheka kwa upole! Akanijibu kwa Kiswahili chetu cha Kivu.

"Wacha, Madame. Wewe uko na kosa gani? Bale batu habakukuuliza. Benzetu banasemaka ulinitupa, miye ninabaambia, kama bangemuuliza Agathe, angesema. Si njo vile?"

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Ile "ndiyo" ya kumkubalia ilikuwa tayari ulimini, naona aibu kusema, ilikuwa tayari kabisa.

"Agathe," sauti ya Mama Bijou ikatoka nyuma ya pazia. "Ile siku nilikuwa chini ya kitenge, lakini masikio yangu haikufunikwa. Kingereza sikijue, ila 'no' naijua. Yule mama alikuuliza nini?"

Bijou akaacha kumimina. Hakuna mwingine wa kujibu ila mimi.

"Aliniuliza kama ninyi ni wakwe," nikasema. "Nikakana."

Séraphin akainuka, akavaa koti lake la kazi. Alimuaga mkewe. Alimwambia Bijou amuage mama huko jikoni, na mama akajibu kupitia kwa Bijou, aende salama. Mimi hakuniaga, wala hakumtuma mtu aniage.