Utepe Uliovutika

Vumbi la chaki lilielea dirishani, jeupe, jepesi, likipanda na kushuka ndani ya mwanga wa asubuhi bila haraka ya kutua. Zamani halikuwapo. Zamani Mkasi, fundi wa kukata, aligusa kitambaa kwa chaki mara moja tu, mstari mwembamba kama unywele, na chuma kikafuata. Siku hizi alikandamiza. Mstari ulikuja mnene kama kidole, na vumbi lake likajaa chumba.

Kifungo, mdogo wake, aliliona vumbi hilo likiongezeka. Alikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, akishona alichokatiwa. Ndivyo walivyoishi tangu mama yao alipotangulia mbele za haki: dada mkubwa anakata, mdogo anashona. Wateja ndio waliowapa majina hayo, mkubwa kwa kazi yake na kwa ulimi wake, mdogo kwa ufupi na uduara wake. Walikuwa watu wa kukaa. Walivijua viti kuliko walivyozijua barabara.

Na sasa walikuwa wanakwenda hija kwa miguu.

Usicheke, msomaji. Mtaa ulishacheka kwa niaba yako. Walipoanza kujizoeza, wakizunguka mtaa kila jioni na mabegi yaliyoshindiliwa vitambaa ili yawe mazito, muuza mkaa aliwauliza kama kuna kuku wao aliyepotea. Mkasi akamjibu kuwa wanatafuta jogoo, ila yeye asijisumbue.

Kwenda patakatifu kulikuwa na njia mbili. Njia ya juu ni fupi na nyembamba. Njia ya chini ni ndefu na pana. Ya juu inapita ubavuni mwa mlima, jiwe upande huu, hewa upande ule, mpaka kwenye upenyo ambapo msafiri anaziona kwa mara ya kwanza, mbali kule chini, kuta nyeupe za mahali anapokwenda, jua la asubuhi likizipiga. Ya chini inauzunguka mlima kwa bondeni, kwenye vivuli na vijito, na mtu haoni mwisho wa safari mpaka agonge mlango wake. Mama yao alipita juu, kabla hawajazaliwa. Alirudi na malengelenge miguuni na habari moja tu mdomoni, habari ya mwanga ule. Aliwasimulia mpaka wakakua nao, kama watoto wengine wanavyokua na paka.

Kiongozi wa msafara alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, mwanamke mkavu ambaye kila mtu alimwita Filimbi. Aliamua kila hujaji ashonewe utepe begini: bluu kwa wa juu, kijani kwa wa chini. Kazi ya kukata na kushona tepe ikaangukia kwa ndugu wawili. Kisha Filimbi akawakusanya watu akasema, bila kupamba, kwamba mwenye mguu mbovu, moyo mbovu au jicho bovu apite chini, kwa sababu anayeteleza juu hapewi pole; pole wanapewa jamaa zake.

Mkasi alicheka kuliko wote. Kifungo alikisikia kicheko hicho, akamtazama macho.

Juu au chini? Swali hilo lilikaa naye kwenye cherehani, likala naye, likalala naye. Alikuwa amemwona dada yake akimimina chai huku ameweka kidole ndani ya kikombe, ajue imefika wapi. Alikuwa amelipokea gauni la mteja, bega moja limekatwa ndani ya mstari, akaliunga kimyakimya kwa kipande cha pembeni. Siku moja alimkuta amesimama dirishani, amefunika jicho moja, kisha la pili, akiutazama mkono wake mwenyewe kama mtu anayemtafuta mgeni kwenye umati. Mkasi alikuwa ameshakwenda kwa daktari wa macho, peke yake, akarudi akisema macho yamechoka tu. Na utepe aliotaka ni bluu. Hakusema sababu. Hakuwa na haja ya kusema.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wazo lilimjia Kifungo katikati ya mshono, nalo halikutoka. Dada yake hakuwa tena na uwezo wa kutofautisha bluu na kijani. Amshonee wa kijani, amwambie ni bluu. Wafuate bonde. Akisikia kijito, ataambiwa ni maji ya mlimani. Akiuliza mbona njia haipandi, ataambiwa itapanda mbele. Uongo wa kwanza ukazaa wa pili, wa pili ukazaa mapacha. Mama yao alikuwa akiwaambia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ajabu ni kwamba uongo wa Kifungo ulitaka kupita njia ndefu.

Mchana wa mwisho kabla ya safari, alishona. Utepe wa kijani kwenye begi la dada, mshono mzuri, wa upendo, wa kumlinda. Akakata uzi kwa meno.

Mkasi alilipokea begi, akalipakata. Akauliza kama ni bluu. Kifungo akasema ni bluu.

Mkasi akaushika utepe kwa vidole viwili, mwanzo na mwisho, akauvuta taratibu. Utepe ukavutika.

Hapo ndipo Kifungo alipokumbuka. Kitambaa cha bluu kilikuwa kipande kilichonyooka, kikakatwa kufuata uzi wake, na tepe zake zilikuwa ngumu kama kamba. Cha kijani kilikuwa kona iliyobaki, imepinda, haikukatika ila mshazari, kwa kukatiza uzi. Na kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, kila fundi anajua. Kifungo mwenyewe alizilalamikia tepe hizo siku nzima, zilivyokuwa zikijinyonganyonga chini ya sindano. Amelalamika, ameshona, amesahau. Mkono uliokata haukusahau.

"Mdogo wangu," Mkasi alisema, "huu ni wa chini."

Kifungo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kisha, kwa kuwa aibu haipendi kukaa peke yake, akaona hasira. Akamuuliza dada yake ni nani aliyeanza kudanganya, ni nani aliyesema macho yamechoka tu.

Mkasi aliliweka begi chini. Chaki ilikuwa bado mkononi mwake, akaiweka mezani akiupapasa ukingo kwanza. Akaeleza alichoambiwa na daktari: kwamba rangi zitatangulia, kisha mistari, na mwanga ndio utakaobaki mwisho. Rangi zimeshakwenda. Mistari inaaga. Na huo mwanga, daktari hakusema utakaa mpaka lini.

"Nautaka ule wa mama kabla haujazimika," alisema.

"Na ukianguka?"

"Nikianguka, nimeanguka. Lakini ukinidanganya leo kwa sababu sioni, kesho nitamwamini nani?"

Kifungo alichukua wembe, akaufumua mshono wake mzuri, uzi mmoja mmoja, machozi yakimwangukia mikononi. Akashona wa bluu kwenye begi la dada. Akashona wa bluu kwenye la kwake. Kisha wakaenda pamoja kwa Filimbi wakamwambia yote, maana aliyechoka na uongo mmoja hana haja ya kuanza mwingine.

Filimbi aliizungusha filimbi yake kidoleni. Mwishowe akasema watapita wa mwisho kabisa, asiwepo wa kuwasukuma kwa nyuma, na mwenye macho atangulie mbele. Akamtazama Kifungo, akamuuliza kama moyo wake ni mzima.

"Mzima," Kifungo akasema. Aliamini ni kweli.

Walitembea. Visigino viliungua, mabega yalilia, viti vyao vya nyumbani vikawa ndoto tamu. Wakafika njia panda chini ya mlima, alfajiri, watu wakicheka kwa hofu. Mmoja akasema njia mbili zilimshinda fisi, wengine wakamwambia fisi hakuwa na utepe. Wa kijani wakashika kushoto. Nyimbo zao zikaingia bondeni, zikafifia, zikaisha. Wa bluu wakapanda.

Ewe njia ya juu, u nyembamba. U nyembamba na hujali ni nani anayekukanyaga. Jiwe lilikuwa kulia, hewa kushoto, mkono wa Mkasi begani mwa mdogo wake. Wenzao walikuwa wameshapotea kwenye kona. Kijiwe kilichomoka chini ya kiatu cha Kifungo, kikaenda. Akakisikiliza. Akakisikiliza bado. Hakusikia kikifika.

Miguu yake ikagoma.

Macho yake yalikuwa mazima, na hilo ndilo lililomponza: yalimwonyesha kila kitu. Yalimwonyesha jinsi bonde lilivyokuwa refu kwenda chini, na miti yake midogo kama nukta za chaki. Ndipo alipojijua. Kumbe siku zote zile aliyeogopa mlima alikuwa yeye, na hofu yake akaibandika jina la dada yake, utepe wa kijani na mshono wa upendo juu yake.

"Kuna nini?" Mkasi aliuliza.

"Naona, dada. Naona kila kitu. Siwezi."

Upepo ulipita kati yao. Mkono ulibaki begani, haukusukuma, haukuvuta.

"Basi fumba macho," Mkasi alisema. "Njoo huku niliko."

Kifungo akafumba. Kwenye giza lile, sauti ya dada yake ikawa ndiyo njia: mkono wa kulia usiache jiwe; mguu upapase kwanza, uzito ufuate; ukisita, sita, hakuna anayetusubiri. Ilikuwa sauti ya mtu aliye chumbani kwake. Kifungo akaelewa kwamba hivi ndivyo meza ilivyotafutwa kila asubuhi, hivi ndivyo chai ilivyomiminwa, na kwamba dada yake alikuwa ameshapita kwenye ukingo huu mara nyingi, nyumbani, mbele yake, bila kumshika mtu. Alipapasa. Akakanyaga. Akapapasa. Mwenda pole hajikwai, alijiambia, na kwa mara ya kwanza maneno hayo yalikuwa na nyayo.

Jiwe likaisha mkononi mwake. Upepo ukageuka.

"Fumbua," alisema Mkasi. "Jua limenigusa usoni."

Walikuwa kwenye upenyo. Mbali kule chini kuta zilisimama nyeupe, jua limezipiga, kama mama alivyosema, hakuongeza chumvi hata kidogo. Kifungo alifungua mdomo aanze kusimulia, lakini dada yake akamwomba anyamaze kwanza, amwache atazame.

Akatazama. Alitazama kwa uso mzima. Mahujaji waliotangulia walikuwa wakiteremka, na miguu yao ilitimua vumbi, nalo likaning'inia mbele yao ndani ya mwanga, likipanda na kushuka.

"Kuta sizioni," alisema, na machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta. "Vumbi naliona. Linang'aa, kama la chaki yetu."

Akainua mkono, vidole viwili vikiwa vimebana chaki isiyokuwapo, akachora mstari juu ya mwanga ule, mwepesi, mara moja tu, bila kukandamiza.

"Kuta ziko hapa?"

Kifungo angeweza kusema ndiyo. Aliufuata mkono ule kwa macho mpaka ulipoishia, akalitazama vumbi, akazitazama kuta.

"Shusha kidogo, dada."

Mkono ukashuka.

"Kidogo tena. Hapo."