Rangi Chini ya Taa

Nilipofungua buti la gari la baba, harufu ya mkojo wa panya ilinipiga usoni nikarudi nyuma hatua tatu. Na mimi si mtu wa kukimbia harufu. Kazi yangu ni ukaguzi wa afya: naingia jikoni kwenye mahoteli ya watu, nafunua masufuria, nanusa vitambaa vya kufutia meza, najaza fomu, na penye uchafu nafunga. Nyumbani wananiita Bibi Afya, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi. Lakini buti lile lilinishinda. Panya walikuwa wametafuna zulia wakajitandikia kitanda, wakazaa, na mtoto wao mmoja alikuwa amekauka pembeni, mkia na kila kitu.

"Usimwamshe," fundi akasema.

Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa ovaroli lililopauka, fundi umeme wa magari. Mtaani wanamwita Fyuzi, ingawa sikuwahi kumwona akiungua kwa lolote. Nilimwambia sioni cha kuchekesha. Akanipa kitambaa cha kuziba pua, kitambaa chenyewe kikinuka grisi, nikakirudisha.

Gari ni la zamani, lina umri kunishinda mimi, na baba alilitunza kama yai. Sasa lilikuwa limekaa bandani miezi tisa na tulikuwa tunaliuza. Mnunuzi, bwana mmoja anayekodisha magari ya zamani kwa maharusi, aliridhika na kila kitu isipokuwa taa za nyuma. Alisema zote hafifu, za breki na za kuonyesha kona, na zitengenezwe kabla hajaja kulichukua Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, ndiyo nikalivuta mpaka gereji kwa Fyuzi.

Sababu ya kukaa bandani ni hii. Alasiri moja, jua kali, baba alikuwa anakata kona kuingia getini kwetu. Pikipiki iliyokuwa nyuma yake ikataka kumpita, ikamvaa ubavuni. Mwendesha pikipiki akavunjika mfupa wa bega. Akaapa kwamba hakuona taa yoyote ya kuonyesha. Baba naye akasema neno moja tu: "Niliwasha."

"Kama uliwasha, mbona mtu hakuona?" nikamuuliza.

"Niliwasha."

Tukaitisha kikao. Watu kumi na wanne sebuleni. Kaka yangu mkubwa alikuwa anaangalia viatu vyake, kwa hiyo nikasimama mimi. Nikasema baba amezeeka, kichwa kinamdanganya, siku moja atatuulia mtu. Nikanyoosha mkono, naye akanipa funguo bila kubisha. Sikuridhika na hapo. Nikampeleka kwa daktari, akaulizwa leo ni siku gani, akaambiwa ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja, akitoa saba saba. Akakwama kwenye sabini na tisa. Jaribu wewe, halafu uniambie ulifika wapi.

Baada ya hapo vikaanza vikaratasi. "Nimefunga bomba." "Nimekunywa dawa ya asubuhi." "Jiko limezimwa." Baba alikuwa anaviandika kwa kalamu ya risasi na kuvibandika kwa plasta ya vidonda kwenye kabati, kwenye jokofu, hadi kwenye mlango wa choo. Plasta inashika vumbi, inashika nywele, inatoa utando wa kahawia pembeni. Kila Jumamosi nilikuwa nikifika pale navibandua kwa ncha ya kucha, uso nimeukunja, navitupa. Nikijisemea, si unaona, uzee huo. Jumamosi inayofuata navikuta vimerudi.

"Ingia ndani uniwashie, nione," Fyuzi akasema, akaenda kusimama nyuma ya gari.

Nikatandika gazeti kwenye kiti kwanza. Kitambaa kilikuwa kimekula jasho la baba kwa miaka yote ile, na jasho la mtu, hata awe baba yako, ni jasho. Nikawasha swichi, nikabonyeza kijiti cha taa za kona. Ikaanza kulia tik, tik, tik, na kijitaa cha kijani mbele yangu kikawa kinapepesa vizuri kabisa.

"Washa!" akaita.

"Nimewasha!"

"Washa basi, dada!"

"Nimeshawasha, fundi! Inalia hapa, inawaka hapa mbele ya macho yangu!"

"Kama umewasha, mbona sioni?"

 Nilibaki nimekaa pale juu ya gazeti, tik tik inaendelea. Nikashuka, nikaenda nyuma mwenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua limewaka. Ilibidi niiname, nizibe mwanga kwa viganja viwili, ndipo nione ndani ya ile taa kitu chekundu kinachofurukuta kama kipisi cha sigara kinachozima.

"Balbu mbovu," nikasema. Nilitaka sana iwe balbu.

Fyuzi akafungua skrubu. Kioo kilipotoka, maji ya kijani yakamwagikia kiganjani mwake, na ndani yake magamba ya mende. Nikageuza uso. Yeye akajifutia pajani, akachomoa balbu, akaigusisha kwenye betri. Ikawaka mpaka nikafumba macho.

"Balbu nzima. Na waya mzima, umeme unafika," akasema. "Tatizo hauna pa kurudi. Kwenye gari kama hili taa inakaa juu ya bodi, chuma kwa chuma, na umeme unarudi kwa hicho chuma. Sasa tazama hapa." Akaing'oa taa nzima, akagonga bodi chini yake kwa ukucha. "Rangi. Tena siyo moja. Mtu amepaka mpaka chini ya taa. Nani huyu mpumbavu? Kila fundi rangi anajua hapa hapapakwi."

Na fundi rangi alijua. Alikuwa mzee mpole, na aliniambia kwa adabu zote: "Hapa chini ya taa huwa tunaacha chuma kitupu, mama." Baba alikuwa anatimiza miaka sabini, na rangi mpya ilikuwa zawadi yangu kwake, mwezi mmoja kabla ya ajali. Nilikitazama kile chuma kitupu nikaona vidoadoa vya kutu, na kutu kwangu ni uchafu. Nikamwambia, "Paka. Mara mbili. Sitaki kuona chuma." Akanitazama, akapaka. Nikapitisha kidole, nikakagua, nikamsifu kwa kazi safi.

"Ni mimi," nikamwambia Fyuzi.

Hakucheka. Akachukua msasa akaanza kukwangua. "Kazi ya nusu saa," akasema. "Nakwangua hapa, naweka na waya wake wa ethi, wa kurudishia umeme. Mnunuzi hatajua chochote."

Kweli, asingejua. Wala yeyote kati ya wale kumi na wanne. Jumatatu gari linaondoka, na hiyo rangi inaondoka nalo. Nitakuwa mwongo nikisema sikulifikiria. Nilifikiria mpaka chuma cha upande wa kwanza kikang'aa, na cha pili kikaanza. Nimefunga majiko ya watu kwa makosa madogo kuliko hilo, na nimewahi kumwambia mpishi mbele ya wateja wake kwamba ananitia kinyaa. Sasa kinyaa kilikuwa kimenikaa mwenyewe kooni, na hakikuwa cha panya.

Fyuzi alipomaliza akaniita nisimame nyuma, akawasha yeye. Taa zikapiga nyekundu hadi kwenye ukuta wa gereji, jua na ukali wake wote. Nikashukuru, nikaendesha mpaka nyumbani kwa baba, na kila kona nilionyesha mapema mno, kama mwanafunzi wa udereva.

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, anakata kucha za miguu kwa wembe, vipande vinaruka huku na huku. Siku nyingine ningepiga kelele. Nikakaa kando yake, juu ya vile vipande.

"Baba, ile siku ya pikipiki, uliwasha taa."

Akaendelea na kidole gumba. "Nani kasema?"

"Fundi. Na mimi nimeona kwa macho yangu. Ni rangi, baba. Ilizuia umeme kurudi. Ukiwa ndani unaiona inawaka, aliye nje haoni kitu. Yule wa pikipiki hakudanganya na wewe hukudanganya. Na ni mimi niliyelazimisha wapake pale."

Nikangoja anitukane. Nilikuwa natamani anitukane.

Akaweka wembe chini taratibu. "Kwa hiyo niliwasha kweli?"

"Uliwasha."

"Una hakika, mwanangu? Maana mimi nimeshaanza kuona kwamba sikuwasha. Nikilala naukumbuka mkono, naona umetulia tu kwenye usukani. Siuoni ukienda kwenye kijiti."

 Nikamwambia nitampigia mnunuzi asije, nitawaita wale wote waliokuwa kwenye kikao, niseme palepale sebuleni niliposimama siku ile, na mwenye pikipiki nitamfuata kwake. Nikatoa funguo nikamwekea mkononi. Hakufunga vidole. Zikateleza zikaanguka kwenye ngazi, na wala hakuzitazama.

"Niandikie kwanza," akasema.

"Nikuandikie nini, baba?"

"Hivyo ulivyosema. Nisije nikasahau."

Nikatoa kitabu changu cha ukaguzi, nikachana karatasi, nikaandika nyuma yake: *Baba aliwasha taa.* Akaisoma, akanirudishia. "Tia tarehe na sahihi," akasema, "kama unavyowafanyia wa mahoteli." Nikatia.

Akainuka akaingia jikoni, nami nikamfuata. Akakata plasta kwa meno, mate yakimeta ukingoni, akaibandika ile karatasi kwenye kabati kati ya "Nimefunga bomba" na "Nimekula mchana." Pembe moja ikakataa kushika, ikajikunja. Baba akaanza kutafuta plasta nyingine kwenye droo. Nikaweka dole gumba langu juu ya ile pembe, penye vumbi na nywele na mate yake, nikaigandamiza mpaka ikashika.