Nilisema Astaafu

Cliff alikuja Jumamosi, theluji ya mwisho ikiwa imebaki pembeni mwa maegesho, nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Alibeba sukari, majani ya chai na mkate mrefu, kwa sababu mama yake wa Eldoret amemfunza kwamba kwa mzee huendi mikono mitupu. Akavua viatu kabla sijamwambia. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidoleni.

"Shosh! Uko poa?" Ndivyo vijana wa kwetu wanavyomwita bibi.

"Niko, mwanangu. Keti hapo, hicho kiti kingine kina mguu mbovu."

Cliff ndiye msimamizi wa timu ya besiboli ya hapa Pickering, Kanada, timu anayochezea mwanangu Mutuma. Hawa si wale wa uwanja mkubwa wa mjini wanaoonyeshwa kwenye televisheni. Hawa hucheza jioni na wikendi, lakini wana jezi zao, wana mashabiki wao, na kila msimu ukianza mchezaji hutia sahihi upya. Mutuma ni mdakaji. Huchuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa kofia ngumu na kinyago cha vyuma, audake mpira unaotupwa kama jiwe la teo. Mpigaji akiukosa kabisa, ni heri. Akiugusa kidogo tu, mpira hugeuza njia ukampata Mutuma usoni. Hapo vyuma hulia ngwa! Watu husema "Uuu!" naye huinua mkono, kwamba yuko sawa.

Ana miaka arobaini na miwili. Kwa mchezo huo ni mzee, na ndivyo wanavyomwita, hata Wazungu: "Mzee! Mzee!"

Mwezi wa nane mwaka jana, vyuma vililia mara mbili katika mchezo mmoja. Tangu hapo mwanangu si yule. Huweka maji ya chai motoni akaondoka, sufuria ikaungua mpaka kitako kikawa cha buluu. Alimwita binti yake kwa jina la binti yangu aliyefariki tukiwa bado Maua, kule Meru. Asubuhi moja nilimkuta ndani ya gari hapo nje, injini inanguruma, amevaa koti na kofia, mikono kwenye usukani. Nikagonga kioo.

"Baba, unaenda wapi?" Humwita baba kwa kuwa ana jina la baba yangu.

Akashusha kioo. "Nimetoka ama naenda, Mama?" Kisha akacheka, ili na mimi nicheke.

Daktari alimwambia auache mchezo. Mke wake, Nkirote, ni muuguzi, amesema mpaka sauti ikamkauka. Hata Cliff, Nkirote alimpigia simu. Cliff akamuuliza Mutuma, Mutuma akamwambia wauguzi huona ugonjwa hata mtu akipiga chafya, na yakaishia hapo. Mwishowe kwa kugombana sana, Mutuma akatoa neno: "Mama aseme. Mama akikataa, sitii sahihi. Akikubali, Nkirote, usinisumbue tena."

Ndiyo maana Cliff alikuwa kwangu na mkate. Nkirote alikuwa zamu hospitalini. Tulikuwa watatu tu: mimi, Cliff, na Mutuma mwenyewe, ameketi kwenye kochi akizungusha mpira mkononi, kidole kikifuata ule ushonaji mwekundu.

Nilipika chapati, nikamimina chai. Cliff alikula tatu. Aliletwa Kanada angali mtoto wa kubebwa, Kiswahili chake ni cha kuokoteza kanisani, lakini hujitahidi.

"Shosh, mimi nimekuja kwa maneno ya Mutuma. Timu yote anamtaka. Hawa vijana wa kutupa mpira, bila Mzee wanaogopa. Sasa, wewe nipe ruhusa."

Nilikuwa nimelala na neno langu, nimeamka nalo. Sikutaka kumwaibisha mtu mzima mbele ya mgeni, kusema sufuria, kusema gari. Nilikumbuka marehemu mume wangu alipotoka kiwanda cha majani chai. Walimchinjia mbuzi, wakampa blanketi na saa ya ukutani, meneja akasimama akasema mzee huyu ametumika vyema, sasa anastaafu. Mume wangu alilia kwa furaha. Basi nikaona hilo ndilo neno lenye heshima, halimwangushi mtu.

Nikaweka kikombe chini. "Cliff, mwanangu, asante kwa kumpenda. Amewatumikia vyema. Sasa naomba astaafu."

Cliff akakunja uso. "Asta... nini?" Akamgeukia Mutuma. "Anasema nini, Mzee?"

Mutuma aliacha kuuzungusha mpira. Akanitazama, akamtazama Cliff.

"Anasema ninastahili," akasema, kisha akarudia hivyo hivyo kwa Kiingereza, na hicho hata mimi nilikielewa.

"Anastahili! Ai, Shosh!" Cliff aliruka akanikumbatia, mabega yangu yote ndani ya koti lake. "Kweli kabisa! Hilo nalijua! Anastahili!"

"Hapana, Cliff. Nimesema a-sta-a-fu."

"Eeh, eeh! Astahili!"

Nikamgeukia mwanangu, nikamwambia kwa Kimeru, polepole, "Baba, mbona umesema hivyo?"

"Si ndivyo ulivyosema, Mama?"

Nilimtazama machoni. Huyu nimemzaa, nilikuwa nikimjua akiiba sukari hata akiwa chumba kingine. Siku hiyo sikujua. Sikujua kama ananidanganya, au kama neno langu liliingia masikioni mwake zima likafika ndani limevunjika. Mpaka leo sijui lililo afadhali.

Kalamu ilitoka mfukoni mwa Cliff. Mutuma alitia sahihi kwenye meza yangu, kando ya bakuli la sukari.

Nilimsindikiza Cliff mpaka kwenye gari, na ndara zangu, baridi ikiniuma vidole. Nikamshika mkono. Nikasema sasa liwe liwalo.

"Cliff, nisikie. Kichwa cha Mutuma..." Nikajigusa paji la uso.

Uso wake ukang'aa. "Eeh, Shosh! Mutuma ni kichwa! Hakuna kichwa kama Mutuma timu yote. Anajua kila mpira unakuja wapi!" Naye akajigusa paji la uso kama mimi, akaingia garini, akapiga honi mara mbili kwa furaha.

Nkirote aliporudi aliniuliza kabla hata hajavua koti. "Mama, ulisema nini?"

"Nilisema astaafu."

"Mutuma amenipigia, anasema ulisema anastahili."

Nilimmiminia chai. Alikula chapati iliyobaki amesimama, anatazama ukuta, kisha akaosha sahani moja ile ile muda mrefu.

Mchezo wa kwanza tulienda. Mtu hawezi kuketi nyumbani akisubiri simu. Nilibeba chupa ya chai na blanketi la mume wangu, lile la kiwandani, nikaketi karibu na wavu. Nkirote aliketi kando yangu. Walipomtaja kwenye kipaza sauti watu wote walisimama: "Mzee! Mzee!" Akatoka amebeba kinyago mkononi, akanipungia. Alipendeza. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Alidaka vizuri. Vyuma vililia mara moja tu, akainua mkono, nikahesabu vidole vyake vyote vikiwa juu.

Zamu yao ya kudaka ilipoisha wachezaji wakaanza kurudi kwenye mabenchi yao. Mutuma akatembea nao hatua chache, akasimama. Kisha akageuka akaenda upande wa pili, taratibu, kama mtu anayerudi kwake, akaingia kwenye benchi la wapinzani na kuketi katikati yao.

Uwanja mzima ulicheka. Wale wapinzani walimpigapiga mgongoni, mmoja akampa maji. Cliff alikuja mpaka kwenye wavu, anafuta machozi ya kicheko.

"Shosh, umemwona? Huyu mwanao ni mchekeshaji!"

Mutuma alikuwa ameshika yale maji bila kunywa, akitazama uso huu, kisha uso ule. Halafu akaona watu wanacheka, naye akaanza kucheka.

Nkirote alinishika mkono chini ya blanketi. Walimrudisha kwa wenzake, na zamu ya kudaka ilipofika tena mwamuzi alipiga kelele, naye Mutuma akainuka, akavaa kinyago.