Isale la Jesse

Asubuhi ile Elisifa alimwamsha mjukuu wake Winfrida hata kabla ya kukamua ng'ombe, akampa uji wa moto, akamvika sweta la Jesse, kaka yake marehemu. Mikono ya sweta ilimpita vidole na kuning'inia. Lakini ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba Old Moshi yote, na mtoto mwenye selimundu hapigwi baridi. Baridi ndiyo iliyomwanzishia Jesse safari yake.

"Leo hatukosi," alisema Elisifa.

Mwezi uliopita walikosa kliniki. Mvua ilikuwa imebomoa daraja, na mama wa watoto, Yuditha, alikuwa Holili kwenye biashara yake ya nguo. Sista Lukresia wa hospitali ya watoto alipiga simu. "Mama, mimi nakuelewa," alisema, "lakini kanuni za utafiti hazinielewi mimi. Mtoto akikosa mara mbili mfululizo, jina linatoka kwenye orodha. Na jina likitoka, dawa inatoka nalo."

Dawa hiyo ililetwa na wahisani waliojenga wodi ya watoto na kugharamia utafiti wa magonjwa yao. Walikuwa na jina refu, lakini watu waliwaita Mfuko tu. Tangu Winfrida aanze vile vidonge, miezi saba ilipita bila kulia mifupa. Jesse alikuwa ameanza akiwa amekwisha chelewa. Walimzika Kwaresima ya mwaka jana, ana miaka tisa.

Walishuka mjini kwa gari la maziwa. Dereva wake, Shakiru, alikuwa kijana wa Moshi mjini, mdomo wake haukujua likizo.

"Shikamoo, bibi. Leo unaleta maziwa au unaniletea mchumba?"

"Marahaba. Huyu hapewi mtu anayeendesha kama amefukuzwa na nyuki."

Winfrida alicheka, akakohoa, akacheka tena. Elisifa akamfunga kitenge shingoni na kuhesabu kona zilizobaki.

Walifika saa tatu na nusu. Daktari hufunga orodha saa nne. Kati ya geti na mlango wa kliniki palikuwa na uwanja mtupu ambapo kina mama waliolaza watoto walianika nguo. Siku hiyo kamba za nguo hazikuwapo. Palikuwa na tuta lililozungushiwa mawe meupe, na juu yake yamepandwa masale kumi na moja kwa mstari, kila moja na kibati chake chini. Winfrida alikuwa darasa la pili, kila andiko aliloliona alilisoma.

"Bibi, hapa wameandika Jesse."

Mgeni angeona majani mazuri ya kijani, basi. Elisifa aliona makaburi. Mlimani isale hupandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, ili pasiwe na wa kuusogeza mpaka. Na hupandwa kichwani pa mtu aliyelala ndani ya kihamba hicho. Mchagga hazikwi ugenini. Hata akifia Mwanza, ndugu watachanga wamrudishe alale migombani kwao. Na Jesse alikuwa amelala kwao, Elisifa mwenyewe alimpandia isale lake. Huyu wa hapa alikuwa nani?

Akakumbuka jinsi jeneza lilivyokuwa jepesi. Akakumbuka na karatasi ambazo Yuditha alisaini wodini, huku analia, bila kuzisoma.

Kijana mmoja mwenye tai alitoka ofisini akitabasamu. Aliitwa Ezra, mtu wa Dodoma, ndiye aliyeshughulikia mambo ya Mfuko pale hospitalini.

"Shikamoo, bibi! Karibu kwenye bustani yetu ya kumbukumbu."

Elisifa hakuitikia. "Mmemzika nani hapa?"

"Hatujazika mtu, bibi. Ni maua tu, ya kuwakumbuka watoto. Tuliyachagua kwa sababu hayafi. Hata usipoyamwagia."

"Najua hayafi. Ndiyo maana tunayapanda pale tunapoyapanda." Akamsogelea. "Nijibu. Kuna kitu cha mtoto wangu humu ndani, au hakuna?"

Ezra aliangalia viatu vyake. "Hakuna, bibi."

"Kipo, mama," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Sista Lukresia, amesimama mlangoni na faili mkononi.

"Sista, haya mambo—" Ezra alianza.

"Ezra, niache. Kipo, mama. Ni damu yake. Vichupa vinne, viko kwenye friji ya maabara. Mama yake alituruhusu kwa kusaini. Bado wanaisoma hadi leo. Kipimo cha dawa anachokunywa Winfrida kilitokana na damu ya Jesse na ya wenzake hawa."

Elisifa aliligeukia tena lile tuta. 

"Kwa hiyo nimezika mtoto pungufu," alisema. "Nirudishieni. Nikamfukie."

"Siwezi, mama. Vikitoka kwenye baridi vinaharibika. Havitamfaa yeye wala huyu."

"Na hayo masale? Wewe si Mchagga wa Kibosho? Huyu wa Dodoma hajui. Wewe hukujua?"

"Nilijua. Niliwaambia siku wanayapanda. Niliwaambia mara moja tu, wakasema yanapendeza, nikanyamaza. Hilo kosa ni langu."

"Basi kaa nalo. Winfrida, twende."

Akamshika mtoto mkono na kugeukia geti. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Mtoto alikuja hatua mbili, kisha miguu ikagoma.

"Bibi, na dawa yangu?"

Elisifa akamvuta. Hapo Lukresia aliweka faili chini, akainamia lile isale lenye jina la Jesse, akachuma jani moja, akalifunga fundo. Kisha akaja mbele ya yule bibi, akapiga magoti kwenye kokoto na gauni lake jeupe, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Usinifanyie hivyo," Elisifa alisema.

Lukresia hakuinuka.

Elisifa alikuwa ameyaona masale yakipelekwa. Aliona wazee waliogombania mfereji miaka ishirini wakinywa mbege kibuyu kimoja kwa sababu ya jani kama hilo. Aliona mtu aliyemgonga mtoto wa jirani akiletwa uani analishika, na baba wa mtoto akalipokea. Anayeletewa isale halikatai. Akilikataa, ubaya wote unahamia nyumbani kwake. Na nyumbani kwake alikuwa amebaki na mtoto mmoja.

"Umenifunga mikono," alisema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe na hilo pia."

Alitaka kuendelea kukasirika. Hasira ile ilikuwa kitu pekee cha Jesse kilichokuwa bado na joto; vingine vyote, hata sweta, vilikwisha poa. Akalipokea jani, akalitia kifuani ndani ya kitenge. Hakusema kwamba amesamehe. Mila haidai maneno.

"Mwandike mtoto," alisema. "Saa inakwenda."

Ndani, alikaa karibu wakati Winfrida anatolewa damu. Aliangalia kichupa kikijaa, kikabandikwa karatasi, kikawekwa kwenye kisanduku chenye barafu.

"Na hiyo nayo mnaiweka?"

"Tunaiweka, mama," Lukresia alijibu.

Walipotoka na vidonge vya mwezi, Ezra alikuwa amevua tai. Alikuwa ameling'oa isale la Jesse kwa jembe, amelitia na udongo wake kwenye mfuko wa sembe. Alimkabidhi Elisifa bila tabasamu. "Na kibati, bibi?"

Elisifa alikitazama kibati kikiwa kimebaki peke yake kwenye tuta. "Kiacheni. Kama damu yake iko hapa, na jina lake likae hapa."

Saa kumi jioni walikuwa migombani. Elisifa alichimba kichwani pa kaburi, kando ya isale la kwanza, akalipanda hili la mjini. Winfrida alichota maji mferejini kwa kikombe, akawa anamwaga kidogo kidogo kama alivyoelekezwa.

"Bibi."

"Naam."

"Na hii yangu ya leo, ikikaa kule kwenye friji, mimi nikifa nitakuwa pungufu?"

"Shika kikombe vizuri, unajimwagia."

Mtoto alikishika vizuri. Elisifa alishindilia udongo kwa viganja vyote viwili, akaendelea kuushindilia hata ulipokuwa umekwisha kuwa mgumu.