Panka la Kamba

"Nani kati yenu watoto atatupepea?" aliuliza bibi wa makumbusho, na kabla Fundi hajakohoa, mjukuu wake alikuwa ameshainua mkono, ameshafika mbele, ameshashikishwa kamba.

Walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kufungwa. Akaivuta kamba kwa mikono miwili huku anacheka. Juu ya meza ndefu ya kulia, ubao mpana uliovikwa kitambaa cheupe ukaamka, ukaenda, ukarudi. Kwii, kwaa. Joto la chumba kile likahama kutoka uso mmoja kwenda mwingine kama umbea.

"Hili ndilo panka la zamani, kabla ya umeme," bibi akasema. "Mvutaji alikaa nyuma ya ukuta, kule ujiani. Kamba ilipita kwenye kapi lile, ikatokea kwenye tundu lile. Siku hizi tumeileta humu ndani ili watoto wafurahi."

Wageni wakatoa simu, wakapiga picha. Mkwe wa Fundi, dereva wa lori, mtu asiyeweza kulala na mzaha tumboni, akajifuta jasho kwa kofia yake. "Kumbe feni za zamani zilikuwa zinakula na kulala kama sisi!"

Watu wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono ya mjukuu wake.

Yeye ni fundi viatu. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa soko, na humo ameketi maisha yake yote, kiatu cha mtu kimebanwa magotini, msharasi unatoboa, uzi wenye nta unapita, halafu anaukaza kwa mikono miwili. Wateja husifu mishono yake, haifumuki. Hawajui kwamba kila akiukaza uzi huwa kama anayemnyonga mtu, na kwamba mtu huyo ana sura.

Hakuwahi kumwambia yeyote kuwa aliwahi kuishi katika nyumba hii. Bintiye alipoleta habari za kwenda kuitazama ile nyumba kubwa iliyogeuzwa makumbusho, ambako binti wa mwenye nyumba, mzee sasa, huwasimulia wageni mwenyewe, alijiandaa kumbembeleza. Baba yake huyu hata msibani huenda na sindano yake. Lakini siku hiyo alisema neno moja tu, "Lini?" Bintiye akafurahi, masikini. Akadhani mzee ameanza kupenda matembezi.

Wapo watakaosema yaliyopita si ndwele. Methali hiyo aliitunga mtendaji, akaifunga na utepe, akamletea mtendwa kama zawadi. Mwenye kovu usidhani kapoa: hiyo ndiyo yetu.

"Tulikuwa na mtoto wa kuvuta," bibi akaendelea, macho yakimng'aa, "tukimwita Kamba. Alivyoipenda kazi yake! Siku moja baba alialika wageni wakubwa. Basi yule mtoto akaimba, jamani, akaimba tangu chakula kinaletwa hadi meza inafutwa. Anaimba kule nyuma ya ukuta kwa sauti yote, mpaka wageni wakampigia makofi. Mpaka leo nikikumbuka raha ya nyumba hii, naukumbuka wimbo ule."

Kwii, kwaa, Chiriku anavuta.

"Achia," Fundi akasema.

"Babu, bado zamu yangu!"

"Nimesema achia kamba hiyo!"

Hakuwahi kumkemea mtoto yule. Chiriku akaiachia kamba kana kwamba imemuunguza, akakimbilia sketi ya mama yake. Panka likasita, likasimama. Joto likashuka juu ya vichwa vyao kama blanketi lililoloana.

Fundi akauruka utepe mwekundu uliozungushiwa meza. Akavuta kiti cha kichwani pa meza, kile chenye mikono ya kuchongwa, akakikalia.

"Mzee, hapo hapakaliwi," mlinzi akasema.

"Najua. Nilishaambiwa, wewe hujazaliwa."

"Baba!" Bintiye uso ulimshuka kwa haya. "Jua limekuingia kichwani? Inuka, watu wanatutazama."

"Waache watazame, mwanangu. Si ndiyo kazi iliyowaleta?" Kisha akamgeukia bibi. "Huo wimbo ulikuwa unasemaje, Bi Mdogo?"

Jina hilo halikuwa limetamkwa katika chumba kile tangu waliokuwa wakilitamka walipozikwa. Tabasamu la bibi likabaki midomoni bila mwenyewe.

"Wewe ni nani?"

"Wimbo unasemaje?"

"Ah, wimbo wa kitoto tu. Ulikuwa... 'nimesikia mama, naja, nimesikia mama...'"

Aliyasikia maneno yale kana kwamba ameyatamka mtu mwingine.

"Endelea," Fundi akasema. "Huwezi? Basi nitakusaidia. Mama yangu ndiye aliyekuwa dobi wenu. Siku ya wageni wenu alikuwa amelala chumba cha uani, homa imemkamata, anataka maji, ananiita. Namsikia. Na kamba imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wangu, fundo ni la kwako, maana baba yako alikukabidhi mimi kama mwanasesere wako, unilinde nisiache kuvuta. Nikakuambia, 'Nifungue, mama ananiita.' Ulinijibuje?"

Bibi alishika ukingo wa meza. Sahani za maonyesho, zilizogandishwa mezani kwa gundi zisiibwe, hazikutikisika.

"Ulisema, 'Usiache mpaka niseme.' Ukaenda kula. Ukasahau kusema. Na mimi ningeacha vipi? Panka likisimama, baba yako anakuja na mkanda. Ndipo nikaimba, nimjibu mama. Wageni wenu wakapiga makofi. Niliimba mpaka aliyekuwa akiniita kule uani akanyamaza. Mpishi ndiye aliyekuja kunifungua, na nilipofika uani..."

Hakuna aliyetaka amalizie. Mkwe wake alikuwa ameishusha kofia kifuani.

"Nilikuwa mtoto," Bi Mdogo akanong'ona.

"Na mimi?"

"Nisamehe, mzee wangu. Wallahi sikujua. Kama kuna lolote naweza kufanya..."

"Lipo." Fundi akaiokota kamba pale ilipoangukia, akamnyooshea juu ya sahani tupu. "Vuta."

Mlinzi akapiga hatua. Bi Mdogo akamzuia kwa kiganja, bila kumtazama. Akaipokea kamba. Mvuto wa kwanza haukutosha hata kuutikisa ubao. Wa pili akauegemea kwa mwili mzima. Kwii.

"Usiache mpaka niseme," Fundi akasema.

Akaegemea kiti, akangoja. Maisha yake yote aliishona saa hii, mshono juu ya mshono, akijua itakapofika kitu kitafunguka kifuani mwake na hewa itaingia. Kilichomfikia ni upepo wa moto wenye vumbi la kitambaa. Bangili za bibi ziligongana. Jasho lilimchora mgongo wa gauni. Macho ya Fundi, kwa mazoea ya kazi, yakashuka kwenye viatu vya bibi: ngozi nzuri ya zamani, kisigino kimelika upande, soli imebandikwa kwa gundi duni na mtu asiye fundi, pengine kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo nao hawana kitu tena. Hata nyumba si yao, naye anasimulia ili aruhusiwe kuingia.

Moyo ukataka kumlegea. Akaukaza.

"Baba, yatosha," bintiye akasema, sasa analia. "Hukuniambia. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenileta?"

Akainuka. Hakuaga. Akapita mlango wa nyuma, akapita ujia, mahali ambapo ukuta ulikuwa na alama nyeusi ya mgongo mdogo, wameipaka rangi lakini inaonekana kwa anayeijua, akatoka uani.

Jua lilikuwa la utosi. Vyumba vya watumishi havikuwapo. Palikuwa na magari yamepangwa, mabati yake hayashikiki, na kati ya magari kimebaki kipande cha saruji kilichotandikwa mteremko, pale mama yake alipokuwa akisugulia mashuka ya watu. Fundi akapima kwa macho. Mlango ulikuwa huku. Kitanda kilikuwa hapa. Akasimama hapo kitanda kilipokuwa, katikati ya gari jeupe na gari jeusi.

Kwii, kwaa.

Akageuza kichwa. Sauti ilitoka ndani ya nyumba, ikapita ujia, ikavuka ua, ikamfika safi kabisa, kana kwamba panka linaning'inia juu yake. Hakuwahi kuisikia kutoka upande huu. Hakuwahi kujua kwamba ilifika mpaka kitandani kwa mama.

Akajishusha taratibu, akaketi juu ya saruji. Ilikuwa ya moto, hakusogea.

Bintiye akatokea mlangoni, mkono juu ya macho kukinga jua. "Baba. Mwambie aache. Viganja vimemchubuka. Mlinzi amemsihi, mume wangu amemsihi, anakataa. Anasema mpaka wewe useme."

Fundi akainamisha kichwa, sikio ameligeuzia nyumba, kama mgonjwa anayemsikiliza mtu wa chumba cha pili.

Kwii, ikasema nyumba.

Bintiye akangoja. Fundi naye akangoja.

Kwaa.